Chumba cha Mbele

Mama Futi hakuwa mtu wa kusubiri. Pasi ikichelewa kupata moto aliisonya, akanyoosha nguo hivyo hivyo. Chai aliinywa ikiwa inaunguza, na mteja akisitasita mbele yake alijikuta ameshapimwa kifua kabla hajasema kilichomleta. Jina lenyewe alilipata kwa ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Wapo walioapa kwamba hata kuoga anaoga nayo. Alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, na miaka yote hiyo alishonea kwenye baraza za watu: mbele ya duka la dawa, kisha mbele ya duka la simu, na sasa mbele ya kinyozi, ambako nywele za watu zilipeperuka zikatua juu ya magauni ya maharusi.

Basi mtu kama huyo alipopata kiwanja, unadhani palikalika? Kilikuwa kiwanja kidogo, kimebanwa na nyumba kushoto na kulia, na nyuma yake palikuwa na banda la kuku la jirani. Mumewe, mtunza stoo wa shule, mpole asiyeinua sauti hata akikanyagwa, alimpeleka kwa mchora ramani. Mchora ramani akawachorea nyumba ya kiasi: sebule, jiko, bafu, chumba chao na chumba cha watoto. Mama Futi akaitazama ramani ile kwa jicho la pembeni.

"Na mama yangu je?" akauliza.

Mama yake alikuwa analala kwenye kochi la sebuleni, katika nyumba yao ya kupanga. Alishakaa kwa watoto wake wote kwa zamu, na kwa kila mmoja alikuwa mtu wa sebuleni. Alilala wa mwisho, wageni wakishaaga, akaamka wa kwanza ili watoto wapate pa kunywea chai. Kuvaa alivaa nyuma ya pazia, mbio mbio, huku akiita, "Msije! Msije kwanza!" Furushi lake la nguo lilikaa chini ya kochi, limefungwa. Akitaka gauni alilichomoa kwa pembeni, akakaza fundo tena. Wakimwambia alifungue alicheka. "La nini? Mimi ni mpita njia tu." Neno hilo lilimchoma Mama Futi kuliko sindano. Na sasa bibi huyo alikuwa ameanza kusema kwamba mvua zikianza atakwenda kwa mwanawe mkubwa. Kwa huyo mkubwa, Mama Futi alijua vizuri, alilazwa stoo katikati ya magunia.

Kwa hiyo alitaka chumba cha mama, chenye mlango wake, na alikitaka kabla ya mvua. Alitaka pia chumba cha kushonea, mbele kabisa, chenye dirisha pana linaloangalia barabara. Hicho alikitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba nyama ya pili. Mchora ramani akatikisa kichwa: vyumba viwili zaidi haiwezekani, kiwanja hakitoshi.

Alirudi nyumbani na ile ramani, akaiweka chini ya godoro, akachukua karatasi za kaki anazokatia nguo. Akakata sebule. Akakata jiko. Akakata kila chumba kipande chake kwa kipimo alichokipunguza sawasawa, akavipanga sakafuni ukingo kwa ukingo, akavibana kwa pini. Aliamka alfajiri kuhamisha bafu, akakatiza safari ya sokoni na kurudi nyumbani kwa sababu jiko limekaa vibaya. Mwishowe vipande vyote vikaenea juu ya kiwanja cha karatasi, na nyuma pakabaki pa kupita mtu.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Yule alisema haiwezekani. Watu wa kukata tamaa hao!"

Mume akazunguka zile karatasi, mikono nyuma. "Nzuri, mama watoto. Lakini tungemwonyesha kwanza..."

"Mvua itamsubiri?"

Mwashi waliyempata aliitwa Bwana Timazi, bonge la mtu mwenye maneno mengi, ambaye hata akienda kusalimia watu alipima kwanza kama fremu ya mlango wao imenyooka. Alizoea kupiga kamba nyumba nzima, pembe kwa pembe, ndipo achimbe. Mama Futi hakutaka kusikia habari hiyo. Yeye gauni huanza kiunoni, akashuka. Nyumba itaanza mbele, na chumba kikishapigiwa vigingi, kichimbwe papo hapo, mawe yaingie.

"Mama, ngoja nikuambie kitu," Bwana Timazi alianza.

"Chimba, baba. Utaniambia tukila."

Wakichimba, yeye anapima. Wakipumzika, yeye anapima tena. Aliacha suruali za watu zikisubiri pindo, akawa kiguu na njia kati ya baraza na kiwanja, vumbi hadi kwenye nyusi. Chumba cha mbele kikawekewa msingi. Sebule ikafuata, kisha jiko na bafu, kisha chumba chao, kisha cha watoto. Furaha ilimjaa mpaka akamwimbia Bwana Timazi wimbo wa shuleni.

Siku ya chumba cha mama alikishika kigingi yeye mwenyewe. Akavuta futi kutoka msingi wa mwisho, akarudi kinyumenyume, akarudi tena, mgongo ukagonga mabati. Kuku wakapiga kelele. Alikuwa amefika kwenye banda la jirani, na nusu ya chumba bado haijatoka kwenye futi.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Jamani, karibuni. Mnahamia kwangu?"

Mama Futi akapima upya. Akapima na chumba cha mbele, kikawa sawa. Sebule sawa. Kila chumba kilikuwa kama alivyokikata, na bado nyumba ilikuwa imerefuka. Alimgeukia mwashi.

"Tatizo ni hilo nililotaka kukuambia," alisema Bwana Timazi, akikung'uta kofia. "Karatasi haina unene, mama. Ukuta unao. Kila ukuta umejichukulia chake, na kuta ni nyingi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Kila nikifungua mdomo, chimba! Na mimi nikasema haya, mtu mzima ana vipimo vyake."

Mama Futi akakaa kitako juu ya lundo la mchanga. Yeye ambaye hajawahi kukata hata kaptula ya mtoto bila kuacha nafasi ya mshono, alikuwa amekata nyumba nzima akasahau kuta! Angecheka, kama kingekuwa chumba kingine kilichokosekana.

"Basi tupunguze sebule," akasema.

"Msingi si shati, ukaubana kiunoni. Mawe yameshalala humo."

Siku zilizofuata hapakukalika naye. Alishona mkono wa shati upande wa nje, akaugombeza mkasi. Mumewe alishauri bibi alale na wajukuu, akapewa kisogo jioni nzima. Mawingu yalianza kukusanyika, na kila alipoingia sebuleni aliona furushi limesogezwa mbele kidogo chini ya kochi. Usimwone mtu ana kelele ukadhani hana woga. Mama Futi aliogopa kurudi siku moja na kulikuta kochi tupu.

Jawabu alilijua tangu alipokaa kwenye mchanga. Alikuwa analikimbia tu.

Kisha bibi mwenyewe akasema anataka kuiona hiyo nyumba. Alikwenda polepole, ameshika mkono wa binti yake, akavuka mitaro kwa ubao. Akaelezwa sebule, akaitikia. Akaelezwa jiko, akaitikia. Walipomaliza, akasimama katikati ya mawe na udongo.

"Na mimi mmeniweka wapi?"

Bwana Timazi akainama ghafla kutafuta mwiko uliokuwa mkononi mwake. Wakati huo walikuwa wamesimama katika chumba cha mbele.

"Hapa," akasema Mama Futi. "Ndicho hiki."

Bibi akatazama vigingi viwili vilivyoonyesha upana wa dirisha. "Dirisha lote hilo, la mtu wa kulala?"

"Upate hewa, mama."

"Haya," alisema bibi. Akamtazama binti yake, kisha ile futi shingoni, kisha dirisha tena.

Nyumba ikapanda. Mvua za kwanza ziliwakuta wakiinua kuta, wakazifunika kwa maturubai, na bibi hakuondoka. Alisema magoti yanamuuma. Siku Bwana Timazi alipokuja na mlango wa chumba cha mbele, Mama Futi alisimama naye mpaka bawaba ya mwisho, akahakikisha komeo liko kwa ndani. Kisha akarudi kwenye baraza ya kinyozi, akakung'uta nywele juu ya cherehani yake, akalia kidogo, akaendelea na kazi. Roho ilimuuma, sitasema uongo.

Walipohamia, bibi alijifungia humo na furushi lake. Alikaa sana. Alipofungua, furushi lilikuwa kitambaa kitupu kilichotandikwa juu ya kiti, na nguo zilikuwa zimetundikwa ukutani, kila moja kwenye msumari wake.

"Wewe," alimwita binti yake. "Leta cherehani yako hapa dirishani. Dirisha hili nililijua ni la nani tangu siku ile kule shimoni. Mimi mchana silali."

"Mama, hiki ni chumba chako."

"Ndiyo maana nakukaribisha. Nani anakaribisha watu kwenye chumba kisicho chake?" Akainua kidole. "Ila asubuhi ubishe hodi."

Asubuhi Mama Futi alifika mbio, majora ya vitambaa kwapani, bibi harusi mmoja akimfuata nyuma kwa sababu gauni lake lilikuwa la siku hiyo hiyo. Mkono ukaenda kwenye kitasa kwa mazoea, akaurudisha.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Ngoja. Navaa."

Ndani hapakuwa na mbio wala "Msije." Zilisikika sauti za mtu anayechukua gauni moja kwenye msumari, analirudisha, anachukua jingine. Bibi harusi akatazama saa, akamtazama fundi.

"Fundi, nimechelewa mimi. Tusukume tu?"

"Tusubiri," alisema Mama Futi, akaegemea ukuta. "Mama yangu anavaa."