Nilimshusha Bi Harusi Ndundu kwa Sababu ya Tairi

Asalaam alaikum, ndugu wa ukurasa huu. Msimamizi amekubali kulificha jina langu, nami nimeyabadilisha majina ya wengine. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu, mkazi wa Kibiti. Sikuja hapa kulia. Nina swali, na ninaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunitukana.

Binti wa kaka yangu, nitamwita Zuhura, aliolewa Utete miezi kadhaa iliyopita. Kwetu shangazi ndiye ampelekaye bi harusi kwa mumewe, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Gari lilikuwa la kaka wa bwana harusi, naye ndiye aliyeliendesha. Tangu tulipotoka Kibiti nililisikia likivutia upande mmoja. Mimi nimeendesha gari miaka mingi, najua maana yake. Tulipolikaribia daraja la Ndundu nikamwambia, "Baba, simama."

Alisimama huku amenuna. Nikashuka, nikazunguka nyuma. Tairi la upande aliokaa Zuhura lilikuwa limepungua upepo. Ni tubeless, lile lisilo na tyubu ndani. Kwenye kashata, pale tairi linapokanyaga barabara, kulikuwa na utambi uliozibia tundu la msumari. Huo haukunitia shaka. Utambi uliopachikwa vizuri kwenye kashata hukaa. Lakini ubavuni palikuwa pamechanika, na pembeni yake pana uvimbe kama yai la bata. Hapo napo walikuwa wamepachika utambi. Nikapaka mate kwa kidole, yakatoa mapovu.

"Nani aliyeziba hapa?"

"Fundi wa pale stendi. Tumejaza upepo, tunakwenda vizuri."

"Ubavu hauzibwi. Kila gurudumu likizunguka, ubavu hujikunja. Funga tairi la akiba."

"La akiba ndilo hilo, Mwalimu."

Wanawake wa upande wao waliokuwa garini wakacheka. Dereva naye akapata nguvu. "Limevimba kidogo tu, kama shavu la mtu aliyebugia muhogo. Hili ni tairi, Mwalimu, siyo mtihani."

"Shavu halibebi watu sita," nikamjibu, nikaufungua mlango wa Zuhura.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kwa wakwe zetu hao, bi harusi akishapandishwa garini hakanyagi chini mpaka mlangoni kwa mumewe. Mmoja wao akanishika mkono. "Bibi, unaivunja nyumba ya watu kabla haijajengwa!"

"Nyumba isiyojengwa haivunjiki," nikasema. Nikaivua kanga yangu ya juu, nikaitandika chini.

Zuhura akaninong'oneza ndani ya ushungi, "Shangazi, watasema."

"Waache waseme, nawe uwe hai uwasikie."

Akashuka. Lilipita kirikuu lililobeba magunia ya mchele kwenda Utete, nikalisimamisha. Bi harusi akakaa mbele kwa dereva, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia.

Sasa nitawaambia jambo ambalo wanaonicheka hulipenda sana. Lile gari lilifika kabla yetu, wala halikupasuka. Lilikuwa limeegeshwa mlangoni, na mama mkwe wa Zuhura alikuwa amesimama kando yake. Akalipiga tairi teke mbele ya watu wote. "Mwalimu, lililopasuka ni hili?" Vigelegele vikapigwa. Wakatunga na wimbo palepale, kwamba wao waliomba mke, wakaletewa gunia la mchele lililopakwa hina.

Nilisimama nikausikiliza wimbo wote. Tangu siku hiyo watu huniuliza, "Kwani katika ukoo wenu nani amekufa kwa tairi?" Hakuna. Nami nataka iendelee kuwa hivyo. Sihitaji kuchimba kaburi kwanza ndipo niamini ninachokiona kwa macho.

Jambo hili lingeishia hapo. Lakini Zuhura sasa ni mjamzito, mimba ya kwanza, na kwa desturi yetu anatakiwa aje kwao kulelewa hadi ajifungue. Mama mkwe amekataa kumtoa. Ametuma neno kwamba kwanza niende Utete niombe radhi mbele ya wazee, tena nichukuliwe na gari lilelile, nikae upande uleule, ili ionekane nimewaamini. Kisha gari hilohilo litatuleta Kibiti, mimi na Zuhura na mimba yake. Tairi hawajalibadilisha. Wamelitia tyubu ndani na kipande cha tairi kuukuu kwa ndani kama kiraka, nao wanasema limepona.

Mume wa Zuhura, kijana mpole, amenipigia simu: "Shangazi, mama ni mama. Panda tu, yaishe." Kaka yangu naye anasema, "Dada, safari moja haiui." Anajuaje ni ipi?

Kwa kuwajibu wakwe zetu kwa ukali njiani, nitaomba radhi; hilo halinishindi. Kwa kumshusha mtoto wangu, siombi radhi leo, sitaomba kesho.

Nimenunua tairi jipya. Nimeliegemeza sebuleni, karibu na mlango. Gari hilo likija, litafungwa tairi hili hapa uani kwangu, au litaondoka bila mimi. Ndugu zangu wanasema kuwapa wakwe tairi ni kuwavua nguo hadharani, na kwamba atakayelipia hasira hiyo ni Zuhura, aliye mikononi mwao.

Basi nishaurini, hasa ninyi mlioishi na wakwe wagumu: nitalitoaje tairi hili likapokewa kama zawadi, wala si tusi? Kuhusu kupanda kama lilivyo, msinishauri.

Jana Zuhura alinipigia simu kwa siri, amejificha jikoni. Hakuniambia niombe radhi, wala hakuniambia nisiombe. Alisema tu, "Shangazi, leo asubuhi nililipaka mate. Hata na hiyo tyubu, bado linatoa mapovu."