Usaili Uliofanyikia Ukweni

Mume wangu Hatibu haogopi nyoka wala jini. Anachoogopa ni kukaa kimya. Akinyamaza kidogo tu anajiona kama kafa. Nimemwambia miaka nenda miaka rudi, "Baba Mwanamkasi, ipo siku mdomo huo utatuponza," naye hucheka, akaendelea kusema. Haya sasa, siku yenyewe ikafika.

Hatibu ni Mzigua wa Mkwaja, mie Mdigo nimezaliwa hapa hapa Ngamiani, Tanga mjini. Kazi yake udereva. Amemwendesha Bwana Wilfred, mkurugenzi wa Shirika la Vivuko vya Pwani, tangu bwana huyo hajaota mvi. Kamfikisha kwenye harusi na kwenye misiba, anamjua mpaka anavyokohoa akikasirika. Na tuseme haki, Bwana Wilfred hakuwa mchoyo. Mwanetu Mwanamkasi alipomaliza chuo akawa anashinda jikoni kwangu akikuna nazi na machozi yanamtoka, Hatibu alimtajia bosi wake garini, basi. Haikupita wiki mtoto akakaa mapokezi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Nilipiga vigelegele jirani wakatoka nje.

Mwaka huu ikaja Kamati ya Bunge. Kulikuwa na malalamiko kwamba vyeo pale shirikani vinagawiwa kindugu, hasa cha mkuu wa kituo kimoja cha kivuko huko kusini mwa Pangani. Kapewa Bwana Lucas, mume wa binti wa mkurugenzi, kijana ambaye pantoni ikitikisika kidogo tu anatafuta pa kushika. Waliokuwa pale kabla yake wakiendesha mitambo waliachwa wanatazamana. Shirika likajibu kwamba usaili ulifanyika na Lucas akawashinda wote.

Hatibu akapangiwa kumwendesha mbunge mmoja wa kamati hiyo, Mheshimiwa Praxeda, kutoka Tanga mjini mpaka kivukoni. Nikamwambia asubuhi ile, "Leo funga mdomo." Akaapa. Hawajavuka hata Mto Pangani, mama yule akataja kwao Tabora, kumbe ni Mnyamwezi! Lo! Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kuja pwani. Mtani wako anaweza kukuvua kofia, anaweza kuja kukutukana msibani maiti iko ndani, na ukikasirika aibu ni yako. Hatibu kupata mtani garini, na safari yenyewe ndefu! Nani angemzuia?

"Nyie Wanyamwezi mmezoea kubebeshwa mizigo," akamwambia, "na leo mtabebeshwa uongo mwende nao Dodoma. Usaili gani? Usaili wa Lucas ulifanyikia ukweni. Alishindanishwa na wachumba wenzake, akashinda. Mie mwenyewe ndiye niliyebeba sufuria la pilau!"

Mheshimiwa alicheka mpaka akatoa leso. Hatibu akarudi nyumbani na furaha zake, akanihadithia. Mie sikucheka.

Kesho yake mama huyo akayasema maneno hayohayo kwenye kikao, waandishi wa habari wanaandika. Alimtaja na aliyemwambia: "Mtani wangu, dereva." Wallahi nilitaka kumfuata nimshike ushungi. Utani haupelekwi barazani! Hata mtoto anajua. Unataniwa, unajibu, mnaachana. Lakini Mheshimiwa mwenyewe alisema yeye hakuja kutaniana, alikuja kazini. Kamati ikamwita Hatibu aje aeleze.

Bwana Wilfred akaja kwetu baada ya alasiri. Alipiga hodi, akavua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku zote alizopita hapa. Nikamtengea kahawa.

"Mzee wangu, mimi na wewe tumetoka mbali," akamwambia Hatibu. "Wakikuuliza, waambie ulikuwa unatania. Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo, bosi."

"Basi yameisha." Kisha akanigeukia mie, anatabasamu. "Mama, Mwanamkasi anafanya kazi vizuri sana. Ana adabu. Itanisikitisha mtoto kama yule akija kuingizwa kwenye mambo haya."

Akamaliza kahawa, akashukuru, akaenda zake. Vikombe niliviacha palepale, nikaenda kutia komeo mlangoni.

Tangu hapo hatukuwa na raha. Hatibu alinyang'anywa ufunguo wa gari, akaambiwa apumzike nyumbani. Madereva wenzake waliokuwa wakipita kunywa uji kwangu, wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Gari moja yenye vioo vyeusi ikawa inasimama mbele ya duka la jirani yetu Miraji, hashuki mtu, hakinunuliwi kitu. Simu ikilia, Hatibu anashtuka. Na lililonitisha kuliko yote, alinyamaza. Mwanamume yule anakaa barazani kutwa hasemi neno! Nikimtania hajibu. Niliogopa, jamani. Niliogopa nikawa hata kuchota maji uani nachungulia kwanza.

Mwanamkasi akampigia magoti. "Baba, sema ulitania. Ni neno moja tu. Wakianza kufukua, watanifikia na mimi."

"Nitasema, mwanangu," akajibu.

Kikao kilikuwa cha wazi, nikaenda nikakaa nyuma kabisa, kanga nimejifunika mpaka puani. Wabunge mbele, Bwana Wilfred na Lucas pembeni na suti zao. Shirika ndilo lililoleta watumishi wa kuhudumia, na aliyekuwa akizungusha kipaza sauti ni Mwanamkasi. Sijui ni nani aliyempanga. Nilipomwona anasimama karibu na baba yake na kumshikia kile kitu mdomoni, nikaanza kusoma dua.

Mwenyekiti akauliza, "Mzee Hatibu, maneno yale uliyasema kama mtani au kama mtumishi?"

"Kama mtani, mheshimiwa."

Bwana Wilfred akajiegemeza kwenye kiti. Na mie nikashusha pumzi. Alhamdulillahi, nikasema moyoni, twende nyumbani tukale.

"Kwa hiyo ulisema uongo?"

Hatibu akamtazama Mheshimiwa Praxeda, naye akawa anamtazama, hacheki. Yarabi, sema ndiyo! Sema ndiyo, mzee, tuondoke! Shati lake limelowa mgongoni, naliona mpaka kule nyuma.

"Hapana," akasema. "Nilitania, lakini sikudanganya. Usaili haukuwepo. Ungekuwepo ningejua, maana kila usaili wao dereva ni mimi, nawachukua wanaokuja kusaili stendi na kuwarudisha. Safari hiyo sikumchukua mtu."

Ukumbi ukavuma. Bwana Wilfred akakohoa, kile kikohozi chake cha hasira.

"Mbali na huyo," mwenyekiti akasema, "unamfahamu mwingine aliyeajiriwa bila usaili?"

Hatibu akafunga macho. Nikajua. Nilitaka kusimama nipige kelele, nikaishia kung'ata kanga.

"Namfahamu. Ni huyu anayenishikia kipaza sauti. Ni binti yangu, na aliyemwombea kazi ni mimi."

Nilidhani Mwanamkasi atakitupa kile kitu akimbie. Alibaki pale pale, uso umempauka.

"Anaitwa nani?"

Hatibu akafungua mdomo, sauti haikutoka. Mume wangu, wa kukosa neno! Ndipo Mwanamkasi akavuta kipaza sauti mdomoni mwake, akataja jina lake na la baba yake. Kisha akasema, "Ni kweli, mheshimiwa. Sikufanyiwa usaili."

Waandishi wakainama kuandika. Bwana Wilfred hakuwatazama. Alimtazama Hatibu, akamtazama Mwanamkasi, halafu akageuka taratibu kwenye kiti, akawa ananitafuta mie kule nyuma, mpaka akaniona. Nikaishusha kanga, nami nikamtazama.