Mbuzi Mwenye Amani wa Mama Goreti

Sitaficha, maana bila Mama Goreti kazi ingeniponyoka. Nilijisomea kwamba mbuzi aliyehangaishwa kabla ya kuchinjwa humaliza sukari ya misuli, na nyama yake haipati uchachu unaotakiwa. Daktari wa mifugo anayefanya utafiti hapa Rumonge akanijaribu kazini kwa wiki moja, akanipa karatasi za kupimia uchachu wa nyama buchani, zinazogeuka nyekundu penye uchachu.

Kwenye bucha ya Mama Goreti karatasi iligeuka nyekundu kabisa. Nikawatangazia wateja, "Mbuzi huyu alichinjwa akiwa na amani tele!"

Mama akaninong'oneza, "Mutoto wangu, hiyo iko ya mishikaki. Nimeitia ndimu tangu asubuhi." Akanikatia kipande kingine cha paja la mbuzi, kisichotiwa ndimu. "Pima hii. Daktari hatajua."

"Murakoze, asante sana Mama," nikasema, machozi yakinilenga.

"Daktari ameshajua," sauti ikasema nyuma yangu. "Lakini pima."