Kibuyu cha Nyumba Ndogo

Natembea kama mtu anayekwepa miiba. Wajukuu wangu hucheka. Wacheke, viatu walivyovaa wakinicheka nimevinunua mimi, mtu aliyeacha shule kabla mwalimu hajajua sura yake.

Mguu huu niliukata kwa jembe nikichimba mashimo ya kupandia chai, juu kule Itumbe, miaka ya sitini, wakati chai ilikuwa ngeni kwa wakulima wadogo kama sisi. Nilikuwa kijana, sijaoa. Kidonda kikaoza, homa ikanishika, nikabebwa mpaka zahanati. Dresa wa pale, mfunga vidonda mkali mwenye harufu ya spiriti, akanipa tembe za rangi mbili na maneno yake, mama yangu akisikia.

"Meza mpaka ziishe. Ukiacha katikati, huo mguu utauleta hapa kwa kikapu. Na tumbo litaendesha, ujue. Dawa hii ni kama moto wa shamba, inachoma magugu na mboga pamoja. Kwa hiyo tembe unameza na maji, halafu jua likisogea kidogo unakunywa maziwa lala, yaliyoganda kwenye kibuyu. Hayo yanarudisha mboga."

Maziwa lala! Boma gani la Mgusii linakosa maziwa lala? Letu. Baba alikuwa na wake wawili, na kwetu kila nyumba ina ng'ombe wake, kibuyu chake na kinywa chake. Ng'ombe wa mama yangu alikuwa amekauka. Aliyekuwa akikamuliwa ni wa mama mdogo, nyumba ya chini.

Tumbo likaanza. Sitaeleza, aliyewahi kuhara akiwa na mguu mmoja anajua umbali wa choo. Kila tembe niliyomeza ilinitoa maji, na mimi nilijua ni lazima nimeze nyingine.

Mama mdogo akasikia. Akaja na kibuyu amekifunika kwa kanga, akasimama mlangoni.

"Mama, nimesikia mtoto wetu anahara. Haya yamelala vizuri, kibuyu nimekifukiza moshi mwenyewe."

"Weka hapo nje," mama akasema, bila hata kumkaribisha kiti.

Alipoondoka, mama alikifungua, akakinusa, akaenda akamwaga yote kwenye shina la mgomba. Nilimwona kutoka kitandani.

"Mama, dresa amesema ninywe maziwa!"

"Dresa hakuolewa na baba yako. Unajua huyo anataka nini? Anataka wewe ufe, wanawe wapewe shamba la juu."

Nikamwita baba. Alikuwa nje akinoa panga. "Hayo ni mambo ya wanawake," akasema, akaendelea kunoa. Mtu mwenye sauti ya kutisha wilaya nzima, siku hiyo hakuwa nayo.

Mgomba ule ulizaa mkungu mnene ajabu. Mimi nilikonda. Mwishowe mama alizifunga tembe zilizobaki kwa kitambaa, akazichomeka kwenye nyasi za paa. "Hizi ndizo zinakuua," akasema. Tumbo likatulia kweli, na kidonda kwa juu kikafunga, akaenda kanisani Sabato kushukuru. Kumbe chini kilikuwa kinachemka. Nilipofikishwa hospitali ya mjini, mguu ulikuwa mweusi, wakakata vidole vyote na kipande cha wayo. Wamama wa kanisa wakaja kuniambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakumwaga maziwa.

Kijana asiye na wayo hachimbi mashimo ya chai. Nilijifunza kuchonga mawe nikiwa nimekaa, nikajenga nyumba za watu, kisha nikajenga yangu pale Kiogoro. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba.

Miaka ya sabini, baba akiwa ameshazikwa, mama akashikwa na kifua. Daktari akampa tembe, za rangi mbili vilevile. Tumbo likamwendesha mpaka akashindwa kuinuka. Nikaenda nyumba ya chini kwa mama mdogo, mvi zimemjaa. Hakuuliza swali. Alijaza kibuyu, akakifuta mdomo kwa kiganja.

"Mpelekee, baba. Ila usimwambie ni yangu, atakataa."

Mama alikunywa taratibu, akapumzika, akanywa tena. Siku zilizofuata alinituma mwenyewe: "Yale maziwa yamebaki?" Akamaliza tembe zake zote, akapona, akaanza kugombana na majirani kama zamani.

Sikuweza kunyamaza. "Mama, unajua yale maziwa yametoka wapi?"

"Najua," akasema. "Moshi wa kibuyu chake naujua tangu aolewe. Hakuna mwanamke hapa anayefukiza kama yeye."

Nikangoja aseme neno lingine. Alikuwa anatafuta kijiti cha kuchokoa meno. Nikachukua kibuyu kitupu, nikakirudisha nyumba ya chini, nikichechemea kwenye ule mteremko.