Maji Ambayo Hayakuwemo Kwenye Petroli

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukata nyaya za choki. Nilizikata zote asubuhi moja katika karakana ya ushirika pale Igogo, nikajiona nimefanya kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Choki ni kitu kidogo. Hubana hewa isiingie nyingi kwenye kabureta, ili injini iliyolala na baridi ipate petroli nzito na iwake. Ikishachemka, unairudisha. Lakini mabwana shamba wetu, waliozunguka na pikipiki za ushirika kukagua pamba mpaka Misungwi, waliivuta wakaisahau. Wengine waliamini kabisa kwamba choki huongeza nguvu ya kupanda mlima. Petroli ilikuwa ya mgao. Plagi zilinirudia nyeusi kama sufuria ya makande, nami sikuweza kula vizuri nikijua kuna plagi chafu mezani kwangu.

Sikusomea ufundi popote. Nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa kitabu kimoja kisicho na jalada nilichokisoma huku nikipekua kamusi. Kitabu kilisema plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa. Niliitafuta rangi hiyo kwa wivu. Nilikuwa kijana, nusu ya mafundi pale walikuwa na vyeti, na hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba siku moja nitaulizwa swali mbele ya watu na itajulikana kuwa sijui.

Kwa hiyo nilikata nyaya, nikaziba matundu kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mwezi haukuisha kabla plagi hazijaanza kurudi na rangi ya kitabuni. Meneja alinisimamisha kwenye mkutano wa wafanyakazi. "Ndugu zangu," akasema, "huyu kijana ndiye anayetuonyesha maana ya kutunza mali ya umma." Wakapiga makofi. Nilitazama chini, lakini nilikuwa nimefurahi mpaka masikio yakawaka.

Mtu mmoja tu alinipinga, naye alinipinga kwa utani. Alikuwa bwana shamba aliyeitwa Projestus, Mhaya wa ng'ambo ya mto Kagera, rafiki yangu wa kula chakula cha mchana.

"Na siku ya baridi je?" aliniuliza.

"Mwanza hakuna baridi."

"Mwanza si dunia nzima, we Msukuma. Kwetu asubuhi hata kuku anavuta blanketi."

"Basi baridi hiyo kaeni nayo hukohuko, pamoja na ndizi zenu."

"Ukila ndizi hata akili inaongezeka. Michembe yenu ya viazi vikavu inaongeza nini? Gesi."

Siku taarifa ilipokuja tulikuwa tumekaa kwenye jiwe, nyuma ya karakana, tunakula ugali na sato. Kulikuwa na jua, ziwa limetulia, wanawake wanaanika dagaa. Duka la jirani lilikuwa na redio, na mwenye duka aliiongeza sauti, jambo ambalo hakulifanya kamwe kwa kuogopa kumaliza betri. Tukasikia kwamba majeshi ya Uganda yamevuka mpaka na kuingia Kagera.

Projestus aliweka tonge chini. "Mama yuko kule," akasema. Akaenda kunawa mikono, akakaa kwenye bomba muda mrefu, kama mtu aliyesahau jinsi ya kulifunga.

Siku zilizofuata serikali ilikusanya magari, na pikipiki zetu zikachukuliwa pia. Projestus alikuwa amepita mafunzo ya mgambo, akajitolea. Mimi nilipelekwa na pikipiki, kwa sababu meneja alisema hakuna anayezijua kama mimi. Nilitaka kukataa. Lakini kukataa kungeleta swali, na maswali ndiyo niliyokuwa nikiyaogopa, kuliko hata vita.

Tulivuka ziwa kwa meli mpaka Bukoba, sitaha imejaa magunia ya unga na vijana walioimba kwa sauti kubwa mno. Projestus alisimama pembeni akiwauliza watu wa kwao kama wamesikia habari za mama yake. Bandarini tulimkuta mzee aliyemfahamu. Alisema mama alivuka mto kwa mtumbwi pamoja na majirani, lakini hakujua alielekea wapi baada ya hapo.

Tulipelekwa kilimani, upande wa kusini wa mto, penye migomba na mikahawa iliyoachwa. Nyumba zilikuwa wazi. Katika moja nilikuta ndizi zimemenywa nusu, kisu kimeachwa juu yake. Projestus na wenzake walifanywa matarishi: walichukua maagizo kutoka kwa kapteni wetu na kuyapeleka kwa vikosi vilivyokuwa chini bondeni.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na ukungu mzito. Mikono yangu ilikufa ganzi. Nikasikia mtu anapiga kiki, akapiga tena, akatukana. Mwingine naye akapiga kiki. Hakuna pikipiki iliyowaka. Moja ilikohoa, ikazunguka kidogo, ikazima.

Nilijua palepale. Sikuhitaji kufungua chochote.

Kapteni alikuja, na askari kadhaa nyuma yake. "Fundi, kuna nini?"

Projestus ndiye aliyetangulia kujibu. Alinigeukia na kuuliza taratibu, bila dhihaka yoyote: "Si zile choki?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Watu wote walikuwa wakinitazama. Nilifikiria makofi ya mkutanoni, nikafikiria kitabu changu kisicho na jalada.

"Choki haihusiani," nikasema. "Petroli ina maji."

Lilikuwa jibu zuri. Mapipa yalikuwa yamevuka ziwa kwenye mvua, kila mtu aliweza kuliamini. Kapteni akalaani waliojaza mapipa. Nami, ili uongo usimame imara, niliwafundisha matarishi dawa yake. Nikawaonyesha skrubu chini ya bakuli la kabureta. Injini ikikuzimikia, nikawaambia, piga goti, legeza skrubu hii, acha bakuli limwagike lote, kaza, subiri lijae, halafu piga kiki. Niliwarudia mmoja mmoja mpaka kila mkono ukafanya bila kukosea. Nilikuwa mwalimu mkali. Projestus alifanya vizuri kuliko wote. Jua lilipopanda injini zilipata joto zikawaka, na wote wakaamini ni dawa yangu.

"Nilidhani ni choki," akaniambia baadaye. "Lakini wewe ndiye fundi."

Dawa yenyewe ya kweli ilikuwa rahisi. Unaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, nusu tu, huku unapiga kiki. Kiganja kinafanya kazi ya choki. Kisha usiachie mkono wa petroli mpaka injini ichemke, maana ukiuachia inakufa. Haya ningeweza kumfundisha mtu yeyote kabla chai haijapoa. Badala yake nilikuwa natangulia kuamka kuliko wote, naziwasha zote kwa kiganja changu kabla hawajatoka kwenye vibanda, naziacha zikinguruma mpaka ziwe za moto. Wao wakadhani nachuja maji. Askari mmoja aliniletea kikombe cha uji, akasema, "Fundi, wewe hulali kwa ajili yetu." Niliunywa uji ule.

Njia hiyo ilifanya kazi kwa muda. Nilipanga kupata waya mahali popote na kuzirudisha choki kimyakimya, bila mtu kujua. Nilikuwa tayari nimekata waya wa uzio kujaribu. Nataka niseme hivyo, ingawa najua haibadilishi kitu.

Katika siku zile Projestus alipata habari kwamba mama yake yuko hai, kwa ndugu, karibu na misheni. Alicheka kutwa nzima. Ilikuwa wakati wa senene, wale panzi wa kwao; aliwakamata kwenye majani, akawakaanga kwenye kofia ya chuma, akanilazimisha nionje.

"Kula, Msukuma. Leo nimekusamehe gesi yako yote."

Niliwala. Walikuwa watamu.

Asubuhi niliyoiogopa ilikuja bila onyo. Kabla sijamaliza kuwasha pikipiki, mizinga ilianza ng'ambo ya mto. Kapteni alitoka akikimbia na karatasi mkononi. Kikosi cha bondeni kilipaswa kuhama mahali pake mara moja.

Pikipiki ya Projestus ndiyo pekee iliyokuwa imewaka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoa kiganja.

Akarukia.

"Bado haijachemka," nikasema.

"Itachemka njiani."

Nilishika mshikio. Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia asiachie mkono wa petroli, na ikizima azibe kabureta kwa kiganja. Kapteni alikuwa amesimama pembeni yetu.

Nikaachia mshikio.

Barabara iliteremka kwa kuzunguka kilima, na kutoka pale juu tuliiona karibu yote. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo. Chini kulikuwa na kalvati lililovunjika ukingo, ambapo kila dereva hupunguza mwendo.

Alipunguza mwendo.

Nilisikia injini ikifa. Kwa umbali ule haikuwa sauti, ilikuwa kukosekana kwa sauti.

Alishuka. Hakupiga kiki hata mara moja. Alipiga goti kando ya pikipiki, akainama, mkono wake ukaenda chini ya kabureta.

Nikapiga kelele. "Acha! Projestus, acha!"

Hakunisikia. Alikuwa anasubiri bakuli limwagike lote.

Kombora la kwanza liliangukia mgombani, mbali naye. Aliinua kichwa, akatazama, akarudi kazini. Alikuwa anakaza skrubu. Nilijua kila hatua aliyokuwamo kana kwamba vidole vilikuwa vyangu.

La pili liliangukia barabarani.

Tarishi mwingine alikwenda kwa miguu, akipita kwenye mikahawa, na agizo likafika. Kikosi kilihama. Kapteni aliniambia hivyo jioni, akidhani ananifariji.

Nilimweleza. Nilimweleza yote, choki, kiganja, maji yasiyokuwemo. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la risasi anavua buti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pikipiki huzimika, fundi. Kama ungekuwa askari wangu ningekuweka ndani kwa kuniongopea. Sasa nenda kawafundishe hao wengine hicho kiganja." Akaendelea na buti la pili.

Niliwafundisha. Ilichukua muda mfupi kama nilivyojua itachukua. Hakuna aliyenitukana. Askari aliyekuwa akiniletea uji hakuleta tena, basi.

Vita vilipokwisha nilirudi Mwanza, na nilikaa muda mrefu kabla ya kwenda kwa mama yake. Kila mara nilijiambia kwanza nipange maneno vizuri. Niliyaandika, nikayafuta, nikayaandika tena, kwa sababu hata kukiri nilitaka kukiri bila kosa. Mwisho nilipanda meli bila maneno yoyote.

Alikuwa amerudi nyumbani kwake, nyumba imeezuliwa nusu na kufunikwa kwa majani. Alikuwa akichambua kahawa kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule Msukuma ambaye mwanangu alikuwa akiandika habari zake."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikamwambia nilikuwepo siku ile, nilimwona. Hakuacha kuchambua. Aliniuliza kama mwanawe alikuwa akikimbia. Nikasema hapana. Aliniuliza alikuwa amekaaje.

"Alikuwa amepiga goti, mama."

Hapo mikono yake ilisimama. "Alikuwa anasali," akasema.

Ingekuwa rahisi sana. Sikuhitaji hata kusema uongo, ilinitosha kunyamaza. Yeye angebaki na mwanawe aliyekufa akisali, nami ningekunywa chai na kuondoka.

"Hapana mama," nikasema. "Alikuwa anafungua skrubu. Mimi ndiye niliyemwambia aifungue, na haikuwa na faida yoyote. Nilijua haina faida."

Nikamweleza kwa maneno mepesi, kwa sababu Kiswahili chake hakikuwa kingi na mambo ya kabureta hakuyajua. Alielewa. Niliona alivyoelewa.

Kisha akanyanyua ungo, akapepeta, akautua.

"Ulitaka nikwambie nini?" akauliza.

Nilitazama punje za kahawa ungoni.

"Mimi nilishampa sala yake," akasema. "Sasa umeichukua."

Hakunifukuza. Alinipikia ndizi, nikala kwa sababu kukataa kungekuwa tusi jingine. Asubuhi alinisindikiza mpaka njia panda, kama wanavyosindikizwa wageni wote, akasimama pale mpaka nilipopotea.

Sijui kama nilifanya haki kumwambia. Nimepima pande zote na mizani haitulii. Huenda ule ukweli niliuhitaji mimi, yeye akaulipia. Huenda nilikwenda kutafuta mtu wa kunilaani kwa kuwa kapteni alikuwa amekataa.

Nimekuwa na karakana yangu mwenyewe huko Ilemela kwa miaka michache sasa, na bado sipendi plagi chafu. Kilichobadilika ni hiki: mtu akiniuliza mashine yake ina nini na sijui, namwambia sijui. Kama nimeiharibu mimi, namwambia nimeiharibu mimi, na namwambia kabla hajaondoka nayo.