Mgongo wa Bibi Ukutani

Mgongo wa bibi yangu niliujua kwa vidole kabla ya kuujua kwa kamera. Kila nilipokwenda Msimbati, akishatoka kuoga aliniita nimpake mafuta ya nazi, nami nikazipapasa chale alizochanjwa akiwa mwali, ng'ambo ya Ruvuma, kabla watu wake hawajavuka. Za usoni kila mtu aliziona. Za mgongoni zilikuwa za wanawake, na za mume.

Aliponikubalia nizipige picha, nizigeuze mistari inayotembea kwenye skrini, alitoa sharti moja. "Uso wape wote. Mgongo, wanawake tu." Kisha akaniuliza vitu vyangu hivyo vinakaa muda gani. Nikamjibu kwa majivuno kwamba vikitunzwa vizuri havifi.

Nilipoonyesha kazi ile Mikindani, uso ulikuwa sebuleni, na mgongo chumba cha ndani nyuma ya pazia la kanga. Mama mdogo alikaa mlangoni kwenye kigoda. Hata fundi umeme alimrudisha, balbu tukabadilisha wenyewe.

Kasheshe ilikuwa kutunza. Chumvi ya pwani yetu ilishanilia kompyuta mbili. Rafiki yangu anasimamia mkusanyiko wa sanaa za kidijitali Dar es Salaam. Kazi yake ni kunakili, kukagua nakala, na kuzihamishia kwenye mitambo mipya ile ya zamani inapochakaa. Tulichezwa unyago pamoja, tukalala mkeka mmoja. Nikampa diski yenye kila kitu, na sharti la bibi nikamwambia kwa mdomo. Mtu aliyefungiwa nawe unyagoni humwandikishi karatasi. Ni kumtukana.

Miezi michache baadaye kazi ikawa ukutani kwenye ukumbi wao ulio wazi kwa watu wote, na kwenye tovuti yao, uso na mgongo pamoja. Nilimpigia simu.

"Shoga, uliniletea nihifadhi," akasema. "Kazi isiyoonekana nimhifadhie nani?"

"Nilikwambia wanawake tu."

"Uliniambia. Lakini hukuandika."

Hapo ndipo aliponimaliza. Alijua fika kwa nini sikuandika, maana naye asingeniandikisha. Baada ya kubishana sana aliitoa, lakini watu walishaichukua na kurushiana.

Habari zilimfikia bibi kupitia kwa mama mdogo. Mume wa mama mdogo anafanya kazi kwenye mtambo wa gesi wa Madimba. Wenzake walimwonyesha simu, akautambua uso, na kabla hajageuka ukafuata mgongo. Mgongo wa mama mkwe wake. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwa bibi. Hata samaki anampelekea kwa mkono wa mtu mwingine. Naye ndiye mkwe ambaye bibi alimpenda kuliko wote.

Nilikwenda Msimbati kuomba radhi. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza.

"Vifute," akasema.

Nikamweleza kwamba kwa rafiki yangu vimetolewa, ila vilivyo kwenye simu za watu siwezi kuvifikia.

"Ulisema havifi," akasema, akaenda kuoga.

Nilichukua chupa ya mafuta, nikakaa kwenye mkeka kumsubiri kama siku zote. Alitoka amejifunga kanga mpaka shingoni. Akaichukua chupa mkononi mwangu, akamwita jirani yake, wakaingia chumbani wote wawili, wakafunga mlango.