Mawe Yaliyopotea Chini ya Mwerebi

Ipo siku moja ambayo mpaka leo, nikiikumbuka, natazama kwanza pale ninapokanyaga. Mwanangu, umeniomba kijiti cha mwerebi ukapande kwenye uwanja wa nyumba yako mpya. Nitakupa. Lakini kaa kidogo unisikilize kabla hujashika jembe.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba yangu, polisi aliyetoka kaskazini, alikuwa amepanga vyumba viwili Old Kampala, nyuma ya maduka ya zamani, kwenye uwanja wa udongo mwekundu unaoteremka. Shule niliiachia darasa la saba. Nilikuwa na haya nyingi. Mtu akinisalimu, nilijibu nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilipata kazi kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, na niliipenda kwa sababu miche haimuulizi mtu maswali.

Mwenye kitalu alinipa kijiti cha mwerebi, mti ule ambao Biblia inausema unaota penye mifereji ya maji. Huu wake ulikuwa wa aina fupi, usiopanda juu. Unatanda chini kama mkeka. Ukilaza tawi lake ardhini na kulikandamiza kwa jiwe, linatoa mizizi na kuwa kichaka kingine. Nikaona utafaa kuzuia udongo wetu usibebwe na mvua kwenda kwenye mfereji wa Nakivubo.

Uwanjani palikuwa na sehemu moja tu iliyokuwa laini. Hapo palisimama mgomba mmoja uliodumaa, usiozaa, umezungushiwa mawe matatu makubwa. Mtu aliyekulia kwenye migomba angejiuliza kwa nini mgomba usiozaa unatunzwa hivyo. Sisi kwetu tulilima mtama. Kwangu mimi mgomba ule ulikuwa takataka. Mwenye uwanja, bibi mmoja tuliyemwita Hajati, alikuwa Jinja kwa binti yake akitibiwa macho. Ningeweza kumngoja nimuulize. Niliung'oa. Jembe likagusa kitu chenye mlio wa ubao, nikafukia haraka, nikachomeka kijiti changu palepale.

Ulikua upesi mno. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa kichaka kipana, kijani kama nyasi za bondeni. Majirani walikuja kuutazama. Mama Neema, Mkongomani aliyekuwa akiuza vitenge katika soko la Kikuubo, alinitania kila jioni akirudi.

"Okello, na watu husemi, na mti unasema. Siku ya kuoa tutautuma huo ukakupelekee posa."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nikitazama chini. Mwanangu, sikuwa nimezoea kusifiwa. Mti ule ulinifanya nionekane.

Kisha kiangazi kikaja. Vumbi lilifunika kila kitu, hata majani ya mipapai yakawa mekundu. Mwerebi wangu peke yake uliamka kila asubuhi ukiwa na unyevu kwenye majani. Kuku walizunguka pembeni yake, hawakuingia kivulini hata mchana wa jua kali. Nikiinama kulaza matawi, hewa baridi ilinigusa usoni, ikitoka chini, yenye harufu ya udongo wa zamani.

Halafu mawe yakaanza kupotea. Nililaza tawi, nikaweka jiwe la ukubwa wa ngumi. Kesho yake tawi lipo, jiwe halipo. Nikadhani watoto wanayachukua, nikaweka jingine. Nalo likaenda. Yalipotea sita au saba hivi. Siku moja, adhuhuri, nilikuwa nimechuchumaa pale pale, nikaliona moja likizama taratibu kwenye udongo, kama linalovutwa na mtu kutoka chini. Muda kidogo ukapita. Kisha nikasikia sauti ndogo, mbali sana: tu.

Niliinuka nikaenda kunawa mikono. Sikumwambia mtu.

Neema, binti wa Mama Neema, alikuwa na miaka mitano. Yeye ndiye pekee niliyeweza kuzungumza naye bila kigugumizi. Wiki ile ile alinijia mlangoni.

"Kaka Okello, chini ya mti wako kuna mtoto."

"Mtoto gani?"

"Nikimwita, ananiita. Ana sauti yangu."

Nilimwambia asiende tena kule. Kumwambia mama yake kungekuwa kusema kwamba mti ambao wote waliusifu una kitu kibaya. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho yake Hajati alirudi kutoka Jinja. Macho yake bado yalikuwa na ukungu. Alikaa barazani, akatuita mmoja mmoja kwa sauti, akashika mikono yetu. Alipofika kwangu, hakuuachia mkono wangu.

"Mwana wa polisi, ule mgomba wangu wa mawe matatu bado upo?"

Watu wote walikuwa pale wakisalimiana. Sikutaka wageuke wanitazame.

"Upo, jaja," nikasema, kwa neno la Kiganda la kumwita bibi.

"Alhamdulillahi," akasema, akaniachia mkono.

Neno langu lile moja, 'upo', mwanangu. Nimelibeba mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata, mama yake alipokuwa akifunga mzigo wa vitenge, Neema alichukua kabalagala yake, ule mkate mdogo wa ndizi, akaenda kumgawia mtoto wa chini. Nilikuwa napiga mswaki kwenye bomba. Nilimwona akitambaa kuingia chini ya matawi. Nilifungua mdomo nimwite, nikasikia ubao ukikatika. Kisha akalia, na kilio kikaja mara mbili: kimoja chake, na kingine kirefu kilichokuwa kikipanda kutoka chini.

Nilikimbia nikalala kifudifudi. Katikati ya kichaka palikuwa na tundu jeusi. Neema alikuwa ametumbukia mpaka kwapani, amenaswa kwenye mizizi ya mwerebi iliyosukana chini ya mbao kama wavu. Miguu yake ilikuwa ikining'inia kwenye baridi ile. Nilimshika mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipiga kelele za kusikika mpaka barabarani. Mama yake na baba yangu walikuja, tukamtoa pamoja. Kabalagala ilianguka. Sote tuliisikia ilipofika majini.

Hajati aliongozwa mpaka pale. Alipapasa kwa fimbo akitafuta mgomba.

"Kile ni kisima cha wenye maduka ya zamani," akasema. "Mume wangu alikifunika kwa mbao, akapanda mgomba kuwa alama. Nani aliung'oa?"

"Mimi, jaja. Na jana nilikudanganya."

Mama Neema alikuwa amemkumbatia mtoto. Hajati aligusa majani ya kichaka kwa fimbo yake.

"Mti huu hauna mdomo," akasema, "na umekuwa ukisema kiangazi kizima. Wewe unao. Ulipewa wa nini?"

Mafundi walikifunika kisima kwa zege. Mwerebi ulikauka ndani ya mwezi mmoja, lakini kabla haujaisha nilikata kijiti, na hiki ninachokupa ni mjukuu wake. Neema sasa ana watoto wake. Akija kututembelea pale uwanjani, hawaiti wanawe kwa majina, asije akasikia sauti yake ikimjibu. Huwafuata na kuwashika mkono.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukifika mahali pageni, usiondoe kitu usichojua nani alikiweka na kwa nini. Uliza kwanza, hata kama sauti inatetemeka. Mti wako ukiwa kijani wakati yote mengine yamekauka, usifurahi tu, tafuta unakunywa wapi. Na ukiona jambo baya, liseme siku hiyo hiyo. Kuona haya si dhambi, lakini usimfanye mtoto wa mwenzako ailipie haya yako.

Pokea kijiti chako. Mungu akupe neno mapema, kabla ubao haujakatika. Ardhi unayokanyaga ikubebe wewe na wanao, na kila utakayemwita aitike kwa sauti yake mwenyewe.